Kuisoma Nchi kwa Jicho la Angani

Tangu dahari binadamu ametamani kuiona nchi yake kwa ukamilifu, na kwa kuwa macho aliyojaaliwa yako karibu mno na ardhi, alipanda vilima na kukwea milingoti, akawahoji mabaharia na wapagazi wa misafara, kisha aliyoyaona na aliyoyasikia akayakusanya juu ya ngozi na karatasi. Mwaka 1154, katika makao ya Mfalme Roger wa Sicily, Sharif al-Idrisi alikamilisha ramani ya ulimwengu ambayo ndani yake pwani yetu, iliyoitwa nchi ya Zanj, ilipata mahali pake, na ambayo kusini yake iliwekwa juu wala si chini. Na kazi hiyo ilihitaji elimu ya wasafiri wengi na fedha ya mfalme. Leo kijana wa Kilwa Kivinje au wa Lamu, akiwa na simu ya kiganjani na bando dogo la intaneti, aweza kuitazama pwani hiyohiyo kutoka juu, akahesabu mapaa ya mtaa wake, akaufuata mto hadi milima unakotokea, na akapima umbali wa kisiwa kutoka bara pasipo kuondoka barazani.

Neema hii imetufikia ghafla, nasi aghalabu twaitumia kwa haja ndogo kuliko uwezo wake: kumwelekeza dereva wa bodaboda nyumbani, au kuepuka foleni ya magari, kisha tukaifunga. Walakini ramani za mtandaoni ni kitabu cha nchi, chenye sura ya mito na milima, sura ya tarehe ya watu waliotangulia, na sura ya wanyama na ndege. Na makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mtu wa kawaida, asiye mtaalamu wa upimaji wala wa mambo ya kale, awezavyo kukisoma, na kwa nini usomaji wake hauwi sahihi mpaka mtu aijuaye nchi yenyewe awe ameketi kando yake.

Picha zinatoka wapi

Yafaa kwanza tujue kile tunachokitazama. Mwezi wa Julai mwaka 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo uitwao Landsat, ambayo kazi yake ilikuwa kuipiga picha nchi kavu ya dunia tena na tena. Na mwaka 2008 ghala la picha hizo lilifunguliwa kwa watu wote bila malipo, hata mwanafunzi na mkulima wakapata haki ileile waliyokuwa nayo wataalamu wa serikali. Kuanzia mwaka 2015 nchi za Ulaya zikaleta setilaiti zao ziitwazo Sentinel-2, ambazo kila nukta ya picha zake ni mraba wenye ubavu wa mita 10, na ambazo, zikifanya kazi mbili pamoja, hupita juu ya mahali pamoja kila baada ya siku 5. Programu ya Google Earth, iliyotoka mwaka 2005, ilizichanganya picha za namna hii na nyingine kali zaidi zilizopigwa na makampuni, hata mtu akaweza kuutambua mtumbwi uliopandishwa ufukweni na kivuli cha mnazi uliosimama kando yake.

Katika asili hiyo mna mambo matatu ambayo msomaji asipoyazingatia atapotea. La kwanza ni kwamba picha anayoiona si ya saa moja wala ya siku moja, bali imeshonwa kwa vipande vingi, hiki cha kiangazi na kile cha masika, hiki cha maji kujaa na kile cha maji kupwa. Kwa hiyo pale rangi ya nchi inapobadilika ghafla kwa mstari ulionyooka, asidhani ameona mpaka wa shamba la mtu, maana huenda ni mshono tu. La pili ni kwamba tarehe ya picha imeandikwa pembezoni, na kwamba programu hiyo ina mlango wa kurudia picha za miaka iliyopita, pamoja na maonyesho yapitayo haraka mwaka baada ya mwaka tangu 1984, ambayo humfanya mtu auone mji ukikua na msitu ukipungua kwa muda wa kupepesa macho. La tatu ni kwamba ramani nyingi za bapa huzipanua nchi kadiri zinavyoikaribia ncha ya dunia, hata Greenland ikaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika yaishinda kwa ukubwa mara 14. Ila sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta udanganyifu huo watugusa kidogo tu, na vipimo vya mitaa yetu vyaweza kuaminiwa.

Rufiji na milango yake

Maadamu maneno matupu hayamfundishi mtu kusoma, na tuichukue sehemu moja ya nchi, nayo ni pwani ya kusini ya Tanzania kuanzia mto Rufiji hadi Kilwa, tuifungue mbele yetu na kuiuliza maswali.

Rufiji hupatikana pale Kilombero na Luwegu zinapoungana, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu na kuteremka kuelekea baharini. Anayeutazama kutoka juu jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba mto haukai kitako: katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kumega Pori la Akiba la Selous, na chini yake pia, bonde zima limechorwa mikunjo na nusu duara, baadhi yake zikiwa na maji na nyingine zikiwa zimekauka, ambazo ni mapito yaliyoachwa na mto ulipohama. Maziwa ya Tagalala, Manze na Nzerakera, ambako wageni huenda kutazama viboko na mamba, yako kando ya mto huu na asili yake imo katika mabadiliko hayo. Warufiji, ambao kwa karne nyingi wamefanya kilimo kiitwacho mlau katika udongo wenye rutuba unaoachwa na mafuriko, waliijua tabia hiyo ya mto kabla haijapigwa picha. Na kilimo chao chote kilipangwa juu yake. Tena picha zinaonyesha badiliko la juzi tu: tangu Desemba 2022, bwawa la umeme la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kujazwa, pamekuwa na ziwa kubwa mahali palipokuwa na korongo na pori, na yeyote atakaye kuelewa hatima ya mafuriko na ya mlau hana budi kuzilinganisha picha za kabla na za baada, za bwawa lenyewe na za mashamba ya chini yake.

Mto unapoikaribia bahari hugawanyika matawi, na matawi hugawanyika vijito, na katikati yake hutanda rangi ya kijani iliyokoza ambayo ni mikoko, msitu wa zaidi ya hekta 50,000, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko iliyoungana Afrika ya Mashariki. Kwa setilaiti msitu ule ni rangi moja; kwa mkataji wa boriti na mtega kaa ni jamaa ya miti mbalimbali kila mmoja na kazi yake na kiti chake: mlilana husimama mbele ukipokea mawimbi, mkoko hushika kingo za vijito kwa mizizi yake ya matao, mchu hustahimili chumvi pasipostahimiliwa na mingine, na mkomafi na msikundazi hupatikana zaidi kule maji matamu yanakofika. Katika upande wa kaskazini wa delta, ambako maji ya mto hupunguza ukali wa chumvi, jicho litaona vipande vyenye kingo zilizokatwa na rangi iliyofifia ndani ya msitu: hayo ni mashamba ya mpunga yaliyofunguliwa kwa kufyeka mikoko, na ugomvi kati ya haja ya chakula na haja ya kuhifadhi, ambao katika taarifa za ofisini huandikwa kwa takwimu, hapa waonekana kwa macho.

Katika vijito hivyo ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliiziba milango ya delta, lakini meli zao kubwa hazikuweza kupita katika maji machache, na mikoko ilimsitiri adui. Ikawapasa kuleta ndege, chombo kilichokuwa bado kigeni vitani, na kuzirusha kutoka kisiwa cha Mafia. Hatimaye meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zikielekezwa na warusha-ndege waliotazama mahali makombora yalipoangukia, zikaishinda Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikaburutwa bara na kuendelea kupigana, na mmoja wapo umesimama hata leo mbele ya Ngome ya Yesu huko Mombasa. Hikaya hii huelezwa katika vitabu kwa kurasa nyingi, walakini mtu akiitandaza ramani ya delta mbele yake, akapima upana wa mikondo na kuhesabu milango ya kutokea baharini, ataelewa kwa dakika chache kwa nini meli moja iliwasumbua walioizingira kwa miezi mingi, na kwa nini hatimaye shauri lilikatwa na mtu aliyetazama kutoka juu.

Kilwa: swali la bandari

Tukiteremka kusini tutaifikia ghuba ya Kilwa, na hapo ramani itatuuliza sisi swali: je, kwa nini hapa? Pwani ya maili nyingi, yenye visiwa na hori zisizo na idadi, kwa nini dola lililoheshimiwa hadi ng'ambo ya bahari lilikaa katika kisiwa hiki kidogo cha Kilwa Kisiwani?

Sehemu ya jibu imo katika rangi za maji. Samawati nyepesi ni fungu na mwamba, samawati iliyokoza ni kina. Na mlango wa Kilwa Kisiwani ni wa maji yaliyokoza yanayoingia mpaka ndani ya ghuba, ambamo chombo chaweza kutia nanga kikiwa kimekingwa na upepo. Sehemu nyingine haionekani katika picha yoyote, nayo ni elimu ya pepo: nahodha aliyetoka Arabuni au Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi aliweza kufika Kilwa, kuuza na kununua, na kurejea kwa kusi, ilhali kusini zaidi ya hapo muda wake ulikuwa mfinyu. Kwa hiyo dhahabu iliyotoka Sofala, huko kusini, ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa, na Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliukuta mji uliomridhisha kwa uzuri wake na kwa ucha Mungu wa watu wake.

Msomaji akiisogelea pwani ya kaskazini ya kisiwa ataiona Gereza ukingoni mwa maji, ngome ambayo asili yake ni ya Wareno waliouteka mji mwaka 1505 na ambayo ilijengwa upya zama za Waomani. Nyuma yake ataona Msikiti Mkuu wenye kuba, ulioanza kujengwa katika karne ya 11. Upande wa mashariki, juu ya jabali linaloitazama bahari, atakuta kuta zisizo na paa, vyumba juu ya vyumba na nyua ndani ya nyua, na birika la pembe nane lililo wazi kwa mbingu: hii ndiyo Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan. Karibu nayo Husuni Ndogo inaonekana kama mstatili ulionyooka, na kusini ya kisiwa, ng'ambo ya maji, kipo kisiwa cha Songo Mnara pamoja na magofu yake. Mahali hapa pawili UNESCO ilipaandika katika urithi wa dunia mwaka 1981. Na kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 paliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mmomonyoko wa ufukwe ukiwa mojawapo ya sababu. Atakayezilinganisha picha za miaka mbalimbali ataweza kuuangalia mstari wa ufukwe yeye mwenyewe, na kuona jinsi mikoko iliyopandwa inavyosaidia kuyatuliza maji.

Ramani za kale nazo zimeingia mtandaoni, kwa kuwa maktaba kubwa zimezipiga picha na kuziweka wazi. Katika kitabu cha miji cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kilichoanza kuchapwa huko Cologne mwaka 1572, Kilwa imechorwa katika ukurasa mmoja na Aden, Mombasa na Sofala, ikiwa na minara na mapaa ya mtindo wa Ulaya. Na ukiiweka kando ya picha ya setilaiti utatambua kwamba mchoraji alisikia sifa kuliko alivyopata vipimo. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, katika miaka ya 1820, Kapteni William Owen wa Uingereza aliipima pwani ya Afrika Mashariki kwa vyombo, na ramani za namna yake zaweza kutandazwa juu ya picha za leo kama kitambaa chepesi, yakafunuka mafungu ya mchanga yaliyohama na milango ya maji iliyojifunga. Hivyo ramani moja hutufundisha jinsi watu walivyoifikiria Kilwa, na nyingine jinsi ilivyokuwa. Na mwenye kutafuta tarehe ya kweli huzihitaji zote mbili.

Nyayo za watu bara

Kanuni moja inamfaa kila anayeanza: mito na miti hupenda mikunjo, bali mstari ulionyooka na pembe mraba aghalabu ni kazi ya mkono wa binadamu, na duara lililo kamili mno nalo linastahili kuulizwa. Kwa kanuni hiyo mtu atavitambua vijiji vilivyopangwa katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji ya Tanzania, ambavyo nyumba zake zimejipanga safu kando ya barabara, tofauti na vijiji vya zamani vilivyotawanyika kwa kufuata maji na jamaa. Kwa kanuni hiyohiyo, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kati ya ziwa Manyara na ziwa Natron, ataona katika Engaruka mabaki ya mashamba yaliyogawanywa kwa mawe na kunyweshwa kwa mifereji, yakienea eneo lipatalo kilomita za mraba 20. Mashamba hayo yalilimwa kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, kisha yakaachwa. Na leo katika nchi ile kavu mistari ya mawe ingali ikisimulia bidii ya watu walioyagawa maji kwa hesabu.

Ajabu iliyo kubwa zaidi imo katika maduara. Wafugaji wa nyanda za Kenya hulaza ng'ombe na kondoo ndani ya boma usiku, na samadi hujaa mahali hapo. Boma likihamwa, udongo ule ulioneemeka huotesha majani mafupi, mabichi na matamu, na kuwa kiwanja kidogo cha mviringo katikati ya vichaka. Katika Laikipia viwanja hivyo vyaonekana dhahiri kutoka angani, na swala pala huvipenda kwa malisho, hata binadamu akishasahau nani aliyekaa pale. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi uliofanyika kusini-magharibi ya Kenya, Narok, ambao ulionyesha kwamba viwanja vya namna hiyo huko ni maboma ya wafugaji wa kale, ya tangu miaka 1,500 hivi hadi 3,700 iliyopita, na rutuba yake haijaisha. Basi mbuga ambayo mgeni huiita pori lisiloguswa na mtu, kumbe imerutubishwa na mifugo ya wahenga, na wanyamapori wanaokula pale ni warithi wa zizi. Hapa sura ya nchi, sura ya tarehe na sura ya wanyama zimekuwa ukurasa mmoja.

Wanyama wanaoonekana na wasioonekana

Wanyama wenyewe ni wadogo mno kwa picha nyingi za bure, lakini njia zao si ndogo. Kando ya maziwa na mito ya kusini mtu makini ataona mistari myembamba itokayo majini na kutawanyika kuelekea malishoni: hizo ni njia za viboko, ambao jioni hutoka kula majani na alfajiri hurudi.

Kwa yale yasiyoonekana kutoka juu, watu wamebuni ramani za namna nyingine, ambazo hujazwa na mashahidi. Katika eBird, iliyoanza mwaka 2002, wapenda ndege huandika aina waliyoiona, mahali na siku. Katika iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, mtu hupeleka picha ya mmea, mdudu, mjusi au kaa, na wenzake wa dunia nzima humsaidia kuitambua. Mafia hutupatia mfano ulio mzuri kupita yote. Karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi, huonekana papa potwe, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote, na madoa ya ubavuni mwake hayafanani na ya mwenziwe. Kwa hiyo picha iliyopigwa na mpiga mbizi huweza kulinganishwa na maelfu ya nyingine kwa kompyuta, kwa kanuni ya hesabu iliyobuniwa kwanza na wanafalaki ili kulinganisha makundi ya nyota, na papa mmoja akafuatwa mwaka hata mwaka.

Hapa pana hadhari kubwa. Habari inayomfaa mtafiti humfaa jangili vilevile, na simu nyingi huandika mahali na saa ndani ya picha yenyewe pasipo mpigaji kujua. Kwa hiyo picha ya kifaru au ya kiota cha ndege adimu ikirushwa mitandaoni pasipo kufikiri, yaweza kuwa ndiyo hati ya mauti yake. iNaturalist, kwa kutambua hatari hiyo, huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini kutoweka na kuonyesha badala yake eneo lenye ubavu upatao kilomita 22. Tahadhari hiyohiyo yatakiwa kwa magofu na makaburi ya kale yasiyo na mlinzi, maana wapo wachimbaji wasiotafuta elimu.

Msitu ambao wenyewe waliujua

Mwaka 2005 mwanasayansi Julian Bayliss, akiitazama milima ya kaskazini ya Msumbiji kwa Google Earth, aliona juu ya mlima Mabu kijani kilichokoza ambacho hakikuwamo katika maandishi ya wataalamu. Mwaka 2008 msafara mkubwa ulikwenda, ukakuta msitu wa mvua wa hekta zipatazo 7,000, na humo vinyonga, vipepeo na viumbe wengine ambao sayansi haikuwa imewapa majina. Magazeti ya ulimwengu yakatangaza kwamba msitu umegunduliwa kwa kompyuta. Walakini watu wa vijiji vya chini ya mlima walikuwa wakiwinda humo tangu hapo, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe msitu ule ulikuwa maficho yao.

Kwa insafu, sifa ya mwanasayansi haipunguzwi na jambo hilo, kwa maana aliona, akauliza, akaenda kwa miguu, na kazi yake imeupatia msitu watetezi. Lakini mafunzo yake kwetu ni haya: ramani ilionyesha kwamba kuna kitu, na wenyeji ndio waliojua ni kitu gani. Setilaiti huona mwamba chini ya maji, haijui kwamba wavuvi wana jina lake na miiko yake. Huona mbuyu mkubwa, haijui kaburi lililo chini yake. Huona njia iliyofutika, haijui ni nani waliopita na mizigo gani. Elimu hiyo imo vifuani mwa wazee, na kila mwaka hupungua.

Kalamu iwe mikononi mwetu

Heri ni kwamba ramani za leo zapokea maandishi ya kila mtu. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni ramani ya dunia ambayo yeyote aweza kuiongezea barabara, kisima, shule au mto, na wengine wakaisahihisha. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliuchora mtaa wao ambao katika ramani nyingi ulikuwa kama uwanja mtupu, ijapokuwa umejaa watu, maduka, zahanati na misikiti na makanisa. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata za Dar es Salaam zinazosumbuliwa na mafuriko, wakaandika nyumba, mifereji na madaraja, na kuwauliza wenyeji maji hufika wapi masika yanapokuwa makali. Mwaka 2016 Zanzibar ikaanza kupigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kuzirusha. Katika mambo yote matatu mafanikio hayakutoka katika chombo peke yake, bali katika kumweka mkazi wa mahali awe mwandishi, asiwe mwenye kuandikiwa tu.

Basi msomaji atakaye kuanza na aanze na kijiji au mtaa wake, wala asikimbilie nchi za mbali. Kwanza aitazame tarehe ya picha. Kisha airudishe nyuma kadiri iwezekanavyo, aandike kilichobadilika: ufukwe, msitu, mto, makazi. Atie alama kila mstari na kila duara asiloelewa sababu yake, achukue orodha yake ya maswali aende kwa mvuvi, mchungaji, mkunga wa kijiji na mzee wa mtaa, awaonyeshe picha na kuwasikiliza kwa adabu, kwa kuwa watu wengi ambao hawajapata kuona ramani huitambua nchi yao mara moja wakionyeshwa kutoka juu. Baada ya hayo atembee kwa miguu yake ahakikishe, na yale yaliyothibitika, ambayo hayawezi kumdhuru mtu wala kiumbe, ayaandike katika ramani ya wote kwa majina ambayo wenyeji wenyewe huyatumia.

Walimu wa shule wana nafasi kubwa kuliko sisi sote, maana somo moja la jiografia lenye picha ya kata yao na mzee mmoja aliyealikwa darasani lashinda kurasa nyingi za kukaririshwa majina ya mito ya ng'ambo. Picha za nchi yetu zimekwisha kupigwa, na kesho zitapigwa tena pasipo kutuomba ruhusa. Lililobaki mikononi mwetu ni maana yake, na maana hiyo tusipoiandika sisi, itaandikwa na wasioijua, au haitaandikwa kabisa.